Sura ya Tano: Noeli kwa Lahaja ya Nyumbani

Parokia za Ituri zina ugomvi wa kila Desemba, na hauhitaji padri kuuanzisha. Wazee waliokulia katika Misa ya Kilatini wanasema Noeli ya siku hizi imekuwa kelele: ngoma, kinanda cha umeme, hatua za kucheza tangu mlangoni hadi altareni. Vijana wa korale wanajibu kwamba Kilatini kilikuwa cha Wazungu, na kwamba Yesu hakuzaliwa Roma. Wanabishana mpaka usiku, lakini wote wamesimama juu ya dhana moja. Wanaamini kwamba ulikuwapo muziki mmoja wa kale, safi, usiobadilika, ulioitwa gregoriani. Kwamba tuliletewa ukiwa mzima, kisha wengine wakaushika na wengine wakauacha. Dhana hiyo si kweli, na sura hii itaeleza kwa nini.

Ushahidi nitautoa Hungaria. Najua msomaji wa Aveba atauliza Hungaria inatuhusu nini. Nchi ile haikututawala, haikutuletea vitabu, na wamisionari waliofika kwetu hawakutoka huko. Ndiyo sababu inafaa. Tukimchukua Mbelgiji au Mfaransa, ugomvi wa zamani utaingia chumbani kabla ya muziki kusikika. Mhungaria wa karne ya 11 alikuwa mtu wa kando kama sisi. Lugha yake haikufanana na za majirani zake, dini aliletewa na wageni, na kitabu cha dini kilikuwa cha Kilatini, lugha ambayo mama yake hakuijua.

Aveba yenyewe iko kusini mwa Bunia, katika sheferi ya Walendu-Bindi, teritware ya Irumu, nchi ya Wangiti. Kingiti ni lugha ya jamii ya Sudani ya Kati, na baadhi ya majirani zake, kama Wahema wa kusini na Wabira, husema lugha za Kibantu. Duniani jina la Aveba limeandikwa zaidi katika majalada ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kwa sababu ya kesi ya Germain Katanga, kamanda wa wapiganaji wa hapo, aliyehukumiwa mwaka 2014 kuhusu shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Mtu akisoma majalada hayo tu atadhani Aveba ni kambi. Ni mahali penye makanisa pia, na Desemba ikifika watu wake huimba.

Tuanze na mwanamke anayesaga nafaka. Hungaria ilipata mfalme wake wa kwanza Mkristo, Stefano, aliyevikwa taji ama siku ya Noeli ya mwaka 1000 ama siku ya kwanza ya mwaka 1001. Wanahistoria hawajaacha kuzozana. Wabenedikto walikuwa wameshafika Pannonhalma tangu 996. Stefano aliwaita watu wa nje wamsaidie, na mmoja wao alikuwa Gerard, mzaliwa wa Venezia, aliyefanywa askofu wa Csanád. Simulizi la maisha yake linasema alikuwa na mwalimu mmoja, Walter, aliyewafundisha vijana thelathini kusoma na kuimba. Usiku mmoja, wakiwa safarini, wawili hao walilala katika nyumba ambamo mjakazi alikuwa akizungusha jiwe la kusagia huku akiimba. Gerard, mtu wa zaburi na noti, alimuuliza mwenzake kama anasikia muziki wa Wahungaria. Walter alicheka. Askofu aliuliza zaidi, akaelezwa kwamba mwanamke anafanya kazi ya bwana wake na wimbo unaipunguzia kazi uzito, akaagiza apewe fedha.

Simulizi la watakatifu si taarifa ya polisi, na sitaapa kwamba usiku ule ulikuwapo. Lakini aliyeliandika aliona inafaa watu wakumbuke kwamba siku kanisa lilipofika na nyimbo zake, nyumba tayari ilikuwa inaimba. Wamisionari wetu waliandika mengi juu ya ngoma za wenyeji, na mengi yao ni malalamiko. Wanawake wa Ituri nao walisaga ulezi na mtama juu ya jiwe kabla ya kinu cha mota kufika sokoni. Sijui ni nani kati ya wageni aliyesimama mlangoni akaisikiliza sauti yao na kuiita muziki.

Vijana wa Walter na wenzao wa shule za makanisa makuu ndio walioimba Noeli ya Hungaria. Ni kosa kufikiri kwamba gregoriani ilikuwa kazi ya wamonaki wazee tu. Makanisa makuu yalitegemea watoto wa shule, na kuimba lilikuwa somo kama kusoma. Tunalo daftari la mwanafunzi mmoja wa Sárospatak, László Szalkai, aliloandika karibu mwaka 1490, lenye maelezo ya nadharia ya muziki kama mwalimu alivyoyatamka. Kijana huyo alipanda cheo hadi akawa Askofu Mkuu wa Esztergom, kanisa la kwanza la nchi. Alikufa vitani Mohács mwaka 1526. Daftari likabaki.

Noeli yao ilikuwa ndefu. Esztergom iko nyuzi 47 kaskazini mwa ikweta, na mwisho wa Desemba usiku wake unazidi saa 15. Aveba, iliyo karibu na ikweta, ina usiku wa saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo walikuwa na giza la kutosha kuimba Masifu ya usiku yenye masomo tisa, kila somo likifuatwa na jibu refu la kuimbwa. Kisha zilikuja Misa tatu, ambazo kalenda yetu bado inazo: ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Kila moja ina wimbo wake wa kuingilia. Ule wa mchana, Puer natus est nobis, unaanza kwa kuruka juu hatua tano kwa mpigo, kama mtu anayeita kutoka kilima hiki kwenda kile. Wimbo wa Misa ya usiku hufanya kinyume: hauruki, huzunguka katika noti chache za chini, karibu ya kunong'ona. Aliyezipanga hivyo alijua usiku na mchana havisemi kwa sauti moja.

Mwisho wa Masifu ya usiku, katika makanisa mengi ya Ulaya, shemasi aliimba orodha ya mababu wa Yesu kutoka Injili ya Mathayo: vizazi kumi na vinne, mara tatu. Mzungu wa leo huiona orodha hiyo kuwa ya kuchosha. Nadhani mtu wa Ituri anaielewa haraka zaidi, maana kwetu mgeni hajulikani mpaka ajulikane ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, wa ukoo gani. Injili hiyo bado husomwa katika Misa ya mkesha jioni ya tarehe 24. Kuna mapadri wanaoikata ibaki fupi. Wanaruhusiwa, lakini mimi huona wanaondoa sehemu iliyo yetu kuliko zote.

Halafu maigizo. Katika kitabu kimoja cha ibada cha mwisho wa karne ya 11, kinachohusishwa na Askofu Hartvik wa Győr, mna igizo la kuimbwa la siku ya Epifania liitwalo Tractus stellae: Mamajusi wanafuata nyota, wanafika kwa Herode, wanaendelea hadi horini. Katika maigizo ya namna hiyo Ulaya nyota iliweza kuvutwa kwa kamba juu ya vichwa vya watu. Anayedhani kuigiza Noeli kanisani ni jambo la vijana wa juzi akumbuke kwamba lina zaidi ya miaka 900. Na jambo moja nina hakika halijabadilika: anayepewa nafasi ya Herode ndiye anayefurahia kuliko wote.

Kitabu hicho leo kiko Zagreb, Kroatia. Mfalme Ladislaus alipoanzisha jimbo huko karibu mwaka 1094, kanisa jipya lilihitaji vitabu, vikapelekwa kutoka Hungaria. Ni kama parokia mpya inavyopewa misale na kalisi na parokia mama. Bila ukarimu huo tusingekuwa nacho. Nitarudi kwenye jambo la vitabu kuokoka, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ninapofikiri juu ya Aveba.

Sasa tufike kwenye kiini. Kitabu cha kale cha nyimbo za masifu cha Hungaria kilichosalia kamili kuliko vingine, Codex Albensis cha karne ya 12, kimeandikwa kwa alama ndogo juu ya maneno, bila mistari. Alama hizo humkumbusha mwimbaji kwamba hapa sauti inapanda, hapa inashuka, lakini hazimwambii kwa kiasi gani. Mwimbaji alipaswa kuwa ameshaujua wimbo. Wakati huo Guido wa Arezzo alikuwa ameshabuni mistari ya noti huko Italia, mapema katika karne ya 11. Wahungaria waliichukua mwishoni mwa karne ya 12, lakini hawakuchukua kila kitu pamoja nayo. Walitengeneza mwandiko wao wenyewe wa noti, wenye vipande vya Kijerumani, vya Kiitalia na vya Kifaransa vilivyounganishwa upya, nao ukatumika Esztergom kwa karne kadhaa. Leo wataalamu wanauita mwandiko wa Esztergom, na mtu aliyezoea anautambua kwa kutupa jicho mara moja.

Na sauti pia ilibadilika. Linganisha wimbo uleule wa Noeli katika kitabu cha Ufaransa na kitabu cha Hungaria. Maneno ni yaleyale, umbo ni lilelile, lakini penye hatua ndogo, ile nusu-sauti kati ya si na do au kati ya mi na fa, mara nyingi kitabu cha mashariki kinaikwepa. Badala ya la–si–la, kinaimba la–do–la. Sauti inaruka juu ya ufa badala ya kukanyaga ndani yake. Peter Wagner, mtaalamu wa Kijerumani aliyefundisha Fribourg, Uswisi, ndiye aliyeipa tabia hii jina la lahaja ya gregoriani, mwanzoni mwa karne ya 20.

Ni lazima niseme kwamba lahaja hiyo si ya Wahungaria peke yao. Wajerumani, Wacheki na Wapolandi waliimba hivyo pia. Tena nyimbo za kale za wakulima wa Hungaria, zilizokusanywa na Béla Bartók na Zoltán Kodály tangu mwanzo wa karne ya 20, zimejengwa juu ya ngazi ya sauti tano isiyo na nusu-sauti. Inavutia kusema moja kwa moja kwamba mwanamke wa jiwe la kusagia alishinda, kwamba wimbo wake ulipanda altareni. Sisemi hivyo, kwa sababu Mjerumani aliimba vilevile bila ngazi hiyo. Ninachosema ni kidogo zaidi na kinatosha: katikati ya Zama za Kati, ndani ya kanisa moja, chini ya Papa mmoja, wimbo mmoja wa Noeli ulikuwa na matamshi kadhaa, na hapakuwa na aliyefukuzwa kanisani kwa sababu ya do badala ya si.

Basi gregoriani safi, inayodaiwa na wazee wetu na kukataliwa na vijana wetu, ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka katika kiwanda cha uchapaji. Katika karne ya 19 wamonaki wa Solesmes, Ufaransa, walianza kazi kubwa ya kulinganisha maandiko ya kale. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X aliagiza gregoriani irudishwe katika makanisa yote, na mwaka 1908 Vatikani ikachapa Graduale moja kwa dunia nzima. Ilikuwa kazi ya kisomi ya kustaajabisha, wala sina nia ya kuibeza. Lakini kitabu kimoja kwa dunia nzima hulazimika kuchagua lahaja moja, na iliyochaguliwa haikuwa ya mashariki.

Angalia tarehe. Prefektura ya Kitume ya Ziwa Albert iliundwa mwaka 1922, ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1933 ikawa vikarieti, na tarehe 10 Novemba 1959 Bunia ikawa jimbo kamili. Yaani kanisa la Ituri lilizaliwa miaka michache tu baada ya kitabu kile kuchapwa. Wahungaria walipokea wimbo mdomoni mwa Walter, na mdomo hukubali kupindwa. Sisi tuliupokea ukiwa umepigwa chapa. Katekista aliyekosea noti alisahihishwa kwa kitabu, na kitabu hakikuwa na mama wala kijiji. Hapo ndipo ilipotoka imani kwamba wimbo haubadiliki.

Cha kuchekesha ni kwamba ile lahaja iliyoachwa nje, inayoepuka nusu-sauti, ingetufaa pengine kuliko iliyokuja. Ngazi ya sauti tano ni ya kawaida katika nyimbo nyingi za Afrika ya kati. Kila mwalimu wa korale aliyewahi kufundisha wazee wimbo wenye mi–fa anajua jinsi fa inavyoteleza.

Lakini tatizo kubwa zaidi kwetu halikuwa ngazi. Lilikuwa toni za lugha. Kingiti, kama Constance Kutsch Lojenga alivyokieleza katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1994, kina toni tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Toni hizo hubeba maana ya neno, na hata sarufi. Ukiweka neno linaloshuka juu ya sauti inayopanda, umesema neno jingine, au hujasema kitu. Sasa chukua utenzi wa Kizungu wa karne ya 19, wenye beti tano kwa sauti moja. Hata mtunzi akifanikiwa kulinganisha toni katika ubeti wa kwanza, ubeti wa pili una maneno mengine yenye toni nyingine, na sauti ni ileile. Ubeti wa tatu unaharibika zaidi. Watu wanaimba kwa moyo wote mambo yasiyosemeka.

Kiswahili kiliokoa hali. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo tu, na mkazo wake karibu kila mara uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kilatini nacho mara nyingi hukaza hapohapo, ingawa kina maneno yanayokaza silabi moja nyuma zaidi, na sauti za zaburi za gregoriani ziliundwa na miisho inayoweza kubeba hali zote mbili. Mtu akiimba zaburi kwa Kiswahili juu ya sauti hizo, maneno yanakaa kwa utaratibu kuliko Kilatini chenyewe. Wapo wanaosema Kiswahili kilitumika makanisani Ituri kwa sababu ni lugha ya wote, na ni kweli. Naongeza sababu ya pili: kinaimbika kwa sauti yoyote bila kulipiza kisasi.

Hata hivyo Kingiti hakikushindwa na gregoriani. Kilishindwa na tenzi. Hilo husahaulika. Nyimbo nyingi za kale za Misa hazina beti. Maneno yake ni nathari ya Biblia, na sauti inafuata sentensi: inapumzika inapopumzika, inarefuka inaporefuka. Ndivyo afanyavyo kiongozi wa wimbo wa kuitikiana kwetu. Kiongozi huinua na kushusha sauti kwa kadiri ya maneno, na kundi linaitikia kwa kipande kifupi kisichobadilika, ambacho toni zake zimeshapatana na sauti yake. Jibu la Masifu ya usiku wa Noeli lina mfumo huohuo: mmoja anaimba aya, wote wanarudia mwisho. Mtunzi wa Aveba anayetaka kuiimbia Noeli kwa Kingiti ana mengi zaidi ya kujifunza Esztergom kuliko katika tenzi zilizotafsiriwa, na sisemi hili kwa kuwafurahisha wazee wa Kilatini.

Kongo ilijaribu njia nyingine kwanza. Kamina, Katanga, Mfransisko Mbelgiji Guido Haazen aliwakusanya wavulana na walimu wa shule katika kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba na kurekodi Missa Luba: maneno ya Kilatini yaleyale ya Misa, juu ya sauti za Kiluba na za Kasai, bila noti zilizoandikwa kabla. Kundi lilifika Ulaya mwaka huohuo na kuimba kwenye maonyesho ya Brussels. Mwongozaji wa filamu Pasolini aliitumia Gloria yake katika filamu ya Injili ya Mathayo mwaka 1964, na Sanctus ikasikika katika filamu ya Kiingereza If.... ya mwaka 1968. Misa ile ilivuma duniani kuliko parokiani. Lakini ilithibitisha jambo ambalo hadi wakati huo wengi walilitamka kwa woga: kwamba Misa inaweza kuimbwa kwa sauti zetu wenyewe.

Uganda, jirani yetu, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulikuwa umeshasema, tarehe 4 Desemba 1963, mambo mawili katika hati moja: gregoriani ipewe nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi, na mapokeo ya muziki ya mataifa ya misioni yaheshimiwe. Kila upande wa ugomvi wetu hushika nusu moja ya hati hiyo.

Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alitaka nusu zote mbili. Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire iliidhinishwa tarehe 30 Aprili 1988. Ndani yake wahenga wanaitwa pamoja na watakatifu mwanzoni, toba inakuja baada ya Neno, na wakati wa Gloria padri na wahudumu huizunguka altare kwa hatua za kucheza. Tarehe 1 Desemba 2019, Dominika ya kwanza ya Majilio, Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Gloria ndiyo inayotuhusu hapa. Majilio yote haiimbwi katika Misa za Dominika. Kisha usiku wa Noeli inarudi, nayo inaanza kwa maneno ya malaika kwa wachungaji katika Injili ya Luka. Huko Esztergom ya mwaka 1300 kengele na sauti za watoto wa shule ziliipokea. Kwetu inapokelewa kwa ngoma na miguu. Mzee anayenung'unika wakati huo anasahau kwamba ukimya wa wiki nne uliotangulia ndio uliompa kijana sababu ya kuruka. Na kijana anayeanza kupiga ngoma kwa nguvu zote tangu Dominika ya kwanza ya Majilio ameiba Noeli yake mwenyewe. Katika hili, na katika hili tu, niko upande wa mzee bila masharti.

Lahaja ya Hungaria ilikufa kwa vita, kisha kwa mkutano. Mwaka 1526, Mohács, jeshi la Sultani Süleyman liliwaangamiza Wahungaria. Ndiko alikokufa Szalkai wa daftari. Esztergom ilitekwa mwaka 1543. Kanisa kuu likahamia Nagyszombat, mji ambao leo ni Trnava, Slovakia. Huko, mwaka 1629, sinodi chini ya Kardinali Péter Pázmány iliamua kufuata ibada ya Roma badala ya ile ya Esztergom. Sababu zilikuwa za maana: vitabu vya zamani vilikuwa vimepotea, vya Roma vilipatikana vimechapwa. Mtu aliyekimbia vita hawezi kulaumiwa kwa kuchukua kitabu kilicho karibu.

Vitabu vilivyosalia vilitawanyika. Codex Albensis kiko Graz, Austria. Misale moja yenye noti, ya kabla ya mwaka 1341, iko Bratislava. Na kitabu cha nyimbo za masifu cha karibu mwaka 1360, chenye Noeli ya lahaja ile, kiko Istanbul, katika jumba la Topkapı, nyumba ya masultani waliochoma moto sehemu ya taifa lililokiandika. Waliokiteka hawakuweza kukiimba, lakini walikitunza.

Kwa sababu hiyo mwaka 1969, Budapest, László Dobszay na Janka Szendrei waliweza kuanzisha kundi la Schola Hungarica, watoto na watu wazima pamoja, na kuziimba tena nyimbo zile. Serikali ilikuwa ya kikomunisti. Mwaka 1950 ilikuwa imevunja mashirika mengi ya watawa. Bado, Hungaroton, kampuni ya sahani za muziki ya serikali hiyohiyo, ilizirekodi na kuziuza, zikiwamo zile za Noeli. Baada ya karne zaidi ya tatu za kimya, la–do–la ilisikika tena kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeiandika.

Aveba haina Topkapı. Vita vya Ituri vilivyoanza 1999 viliwatawanya watu, vikachoma nyumba, na nyumba ya mwalimu wa korale ndiyo mara nyingi iliyo na madaftari ya nyimbo. Mkataba wa amani na kundi la wapiganaji la FRPI ulitiwa saini Gety tarehe 28 Februari 2020, na hata baada yake watu wa Irumu wameendelea kukimbia mara kwa mara. Kila mara hiyo kuna wimbo wa Noeli, wa Kingiti au wa Kiswahili, uliotungwa kwa ajili ya kapela moja, ambao hautaimbwa tena, kwa kuwa waliokuwa wakiujua wamelala katika kambi mbalimbali.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa korale, si kwa maaskofu. Chukua daftari. Andika maneno ya kila wimbo wa Noeli mnaoimba, jina la mtunzi, mwaka, na kapela ulikotungiwa. Kama hujui noti, rekodi kwa simu: kiongozi peke yake kwanza, kisha kundi lote. Kwa wimbo wa Kingiti, mwombe mzee ayaseme maneno bila kuimba, ili toni zake zisikike. Tengeneza nakala tatu. Moja ibaki kwako, ya pili mpe paroko, na ya tatu uipeleke Bunia kabla ya Noeli ijayo.